Mti wa Mlimani Hauna Njaa

Mimi ni seremala. Karakana yangu iko Goma, mtaa wa Katindo, na riziki yangu ni milango, vitanda na makabati ya jikoni. Mbao zinanijia kutoka kila upande: za Masisi, za Rutshuru, za Walikale zinazofika zimelowa mvua ya njia nzima. Nikiona gogo, kabla sijauliza bei nauliza limeota wapi, bondeni au mlimani. Wauza mbao wamenizoea. Wananiita profesa wa magogo, tena kwa kejeli.

Udadisi wenyewe ulianza na mikaratusi. Yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, ameolewa Masisi, juu kabisa, kule ukungu unakolala mpaka saa nne za asubuhi. Alipanda mikaratusi msimu uleule ambao rafiki yangu mmoja alipanda yake bondeni Rutshuru, miche ya kitalu kimoja. Rafiki yangu amekwisha kuvuna nguzo, visiki vimechipua, anasubiri mavuno ya pili. Ya yaya bado ni fito. Na udongo wa yaya ni mweusi, una samadi ya ng'ombe, mvua haimkosi. Kwa hesabu ya mkulima yeyote, yeye ndiye angetangulia.

Watu wana majibu tayari. Ninalolisikia zaidi, na hata vijana wanaobeba mizigo mlimani wanalitoa kwa uhakika wote, ni kwamba huko juu hewa ni chache, mti unakosa pumzi, basi haunenepi. Ni kweli hewa ya juu ni nyepesi. Kwenye ukingo wa Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wetu, mita 3,470 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ni kama theluthi mbili ya ile ya pwani, na kifua chako kinakuambia hivyo bila kipimo chochote. Lakini mti si mbeba mizigo. Kutoka hewani unataka gesi ya kaboni, na gesi hiyo, ingawa imepungua, hupenya kwenye jani kwa wepesi zaidi hewa inapokuwa nyepesi. Jibu la pumzi linawafaa watu na ng'ombe. Kwa mti halitoshi.

Kinachobadilika hasa ni joto. Goma tuko karibu mita 1,500, juu kidogo tu ya Ziwa Kivu ambalo uso wake uko mita 1,460. Wastani wetu wa mwaka mzima ni nyuzi za Selsiasi 19 au 20 hivi. Ukipanda kila mita 100 unapoteza takriban nyuzi 0.6. Hesabu hii niliwahi kuifanya kwa penseli juu ya ubao wa mlango wa mtu, na niliipenda kiasi cha kusita kuupiga randa. Ukingo wa Nyiragongo ni kama mita 2,000 juu ya mji: umepoteza nyuzi 12, umebaki na 7 au 8. Kilele cha Karisimbi, mita 4,507, kiko mita 3,000 juu yetu: nyuzi 18 zimekwenda, umebaki na moja au mbili. Ndiyo maana asubuhi nyingine, mawingu yakifunguka, tunaona weupe kule juu kutoka hapa hapa mjini, tukiwa tumevaa mashati mepesi.

Na huo ni wastani tu. Milima yetu haina majira ya baridi kama Ulaya. Januari na Julai karibu ni sawa kwa joto. Tofauti kubwa iko kati ya saa nane mchana na saa kumi alfajiri. Olov Hedberg, mtaalamu wa mimea kutoka Uswidi aliyepanda milima mirefu ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1948, aliieleza hali hii kwa maneno machache ambayo wataalamu bado wanayarudia: kiangazi kila mchana, majira ya baridi kila usiku. Mti wa Ulaya unapewa miezi ya kulala. Mti wa Karisimbi unaamshwa kila siku na kugandishwa kila usiku, mwaka mzima, bila likizo.

Enzi watalii bado wanapanda Nyiragongo, niliitwa kukarabati vibanda vya kulala vilivyokuwa ukingoni. Mbao zilipandishwa kutoka Kibati, kila mbeba mizigo na vipande vyake mgongoni, nami nyuma yao na sanduku la vifaa. Njia ile inakupitisha kwenye habari yote hii kwa siku moja. Chini unatembea kwenye msitu wenye giza, miti mirefu, jasho linakutoka. Unavuka lava iliyoganda ya mwaka 2002, unapita kwenye changarawe nyeusi zinazoteleza, kisha miti inaanza kufupika bila kukuaga. Inabaki erika, yenye vijani vyembamba na shina lililojipinda, ndevu za kijivu zikining'inia kwenye matawi. Karibu na mwisho unakutana na mimea michache ya senesio na lobelia, halafu mwamba mtupu na moshi.

Kando ya njia, kwenye ukanda wa erika, palikuwa na kisiki kilichokatwa na watu wa kusafisha njia. Kilikuwa kikavu, unene wa kifundo cha mkono wangu. Nikatoa patasi, nikakisawazisha uso, nikakipiga msasa, nikakitemea mate kidogo ili nyuzi zionekane. Mti ule ni mwekundu wa kahawia, na mistari yake imebanana mno: ukucha wa kidole gumba ulifunika mistari nisiyoweza kuihesabu hata kwa lenzi ninayotumia kunolea misumeno. Kwenye mkaratusi wa Rutshuru upana wa ukucha huo ni kazi ya miezi michache tu. Mlinzi wa hifadhi alikuwa amesimama ananitazama.

"Fundi, hicho huondoki nacho."

"Afande, nakisoma tu."

Akacheka, lakini alisubiri mpaka nikatangulia. Alikuwa sahihi, katika Hifadhi ya Virunga hata kijiti hakitoki.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Kuna mwanabotania wa Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, anaitwa Christian Körner, aliyeshughulika miaka mingi na swali moja: kwa nini miti inaishia pale inapoishia? Yeye na mwenzake Jens Paulsen walifukia vipimajoto vidogo kwenye udongo chini ya miti ya mwisho kabisa, kwenye milima ya mabara mbalimbali, wakakusanya hesabu na kuzitoa mwaka 2004. Walichokuta kinashangaza kwa urahisi wake. Kimo hakifanani hata kidogo: kwenye Alpi za Ulaya miti inakoma kwenye mita 2,000 na ushei, ilhali Bolivia, kwenye mlima Sajama, kuna vichaka vya miti ya Polylepis juu ya mita 5,000. Lakini joto linafanana. Karibu kila mahali miti inakata tamaa pale wastani wa joto la msimu wa kukua unapofika kati ya nyuzi 6 na 7.

Wengi, nami nikiwemo kabla sijasoma, tungesema: basi kwa baridi hiyo jani linashindwa kupika chakula. La. Jani linaendelea kutengeneza sukari hata joto likishuka hadi nyuzi 5, tena kwa kiasi kizuri. Wataalamu walipopima miti ya mpakani kabisa, pale miti inapoishia, waliikuta imejaa wanga na sukari, mara nyingine kuliko ile ya chini. Mti wa mlimani hauna njaa. Ghala limejaa. Kinachoshindikana ni kujenga. Chini ya gome kuna utando mwembamba wa seli hai, kambiamu, ambao ndio unaozaa mbao zote ninazopiga randa. Seli zile zinagawanyika, zinajipanua, zinajikandika ukuta wa selulosi na lignini. Kazi hiyo joto likikaribia nyuzi 5 inasimama, hata kama malighafi iko tele. Aliyewahi kumwaga zege kwenye baridi kali ataelewa: mchanga upo, simenti ipo, maji yapo, mafundi wamelipwa, na kitu hakishiki.

Kwa mti wa kitropiki wa mlimani maana yake ni hii: usiku mzima hakuna ujenzi. Asubuhi mpaka jua lipashe shina, hakuna ujenzi. Mchana mawingu yakipanda, na kwenye milima ya Virunga mawingu hupanda karibu kila siku, joto linarudi chini na ujenzi unapungua tena. Zimebaki saa chache. Mikaratusi ya yaya haijafika huko kabisa, iko mbali na mpaka, lakini saa zake za kazi zimekatwa vivyo hivyo, na anayekatwa saa kila siku mwisho wa mwaka ana nguzo nyembamba.

Kuna jambo la pili ambalo nilijifunza kwa mgongo wangu kule ukingoni. Mchana jua lilipotoka nililala chini nyuma ya rundo la mbao kupumzika. Chini pale palikuwa na joto la kuvua koti. Nikasimama, upepo ukanipiga, koti likarudi. Sentimita mia na themanini tu, na nilikuwa kwenye hali ya hewa nyingine. Mimea mifupi inaishi pale nilipolala. Inalikamata jua, inaziba upepo, inajitengenezea joto lake. Mti, kwa sababu ni mti, unainua kichwa chake kwenye upepo na kubaki na joto lilelile la hewa. Zaidi ya hapo, kivuli chake mwenyewe kinaizuia mizizi isipate jua, udongo chini yake unabaki baridi. Kwa hiyo mlimani urefu, ambao msituni ndio silaha ya kushindania mwanga, unageuka kuwa mzigo. Ndiyo sababu juu ya miti ya mwisho kuna vichaka, na juu ya vichaka kuna nyasi zinazostawi vizuri tu. Mimea ile haina uhodari zaidi ya mti. Imeinama, basi.

Lakini tusiitupie baridi kila lawama, na hapa Goma tuna bahati ya kuwa na somo mbele ya macho. Rudi kwenye hesabu ya penseli. Ukingo wa Nyiragongo una wastani wa nyuzi 7 au 8. Kwa kanuni ya Körner, hapo miti bado ingeweza kusimama, ingawa kwa shida; mpaka halisi wa joto ungekuwa kwenye mita 3,700 hivi. Mbona basi kilele kiko tupu? Kwenye Karisimbi, kimo kilekile cha mita 3,400 kina senesio ndefu kuliko mtu, zimesimama zimesongamana. Tofauti si kimo wala joto. Nyiragongo inapumua. Moshi wake una gesi ya salfa inayochoma majani, na mvua inayopita humo inashuka na tindikali. Upepo wetu mara nyingi unausukuma upande wa magharibi. Waulize wakulima wa Rusayo kuhusu maharage yao, waulize pia kuhusu mabati yao. Na chini ya mizizi hakuna udongo, kuna changarawe na mwamba wa jana. Mlima ule ulitapika mwaka 1977, ukatapika tarehe 17 Januari 2002, ukatapika tena tarehe 22 Mei 2021. Mti hauwezi kuzeeka kwenye uwanja unaofagiliwa hivyo.

Ukitaka kuona hali ya hewa na lava vikishindana, tazama lava ya 2002 yenyewe kwa urefu wake wote. Huku mjini, pale haikusombwa wala kujengwa juu yake, ilivikwa kwanza ukoga wa kijivu unaoshika jiwe, kisha jimbi kwenye nyufa, kisha vichaka; kuna mahali watoto wanachuma mapera. Lava ya siku ileile, ukiifuata juu, inazidi kuwa tupu. Mvua zipo, mbegu zinapeperushwa mpaka huko, jiwe ni lilelile. Joto ndilo lililopungua, na kila hatua ya maisha inachukua muda mrefu zaidi.

Senesio zinastahili aya yake, maana zinavunja kanuni. Tunaziita miti kwa sababu zina shina na zinakupita kimo, lakini ni ndugu wa alizeti, na zinaishi juu ya mpaka ambapo mti wa kawaida umeshindwa. Hila zake ni tatu. Usiku majani makubwa ya kileleni yanajikunja kuelekea ndani na kukifunika kichipukizi. Jua likichomoza yanafunguka. Majani yaliyokufa hayaanguki, yananing'inia na kulivika shina koti nene, maji yaliyomo ndani yasigande. Na katikati ya shina kuna moyo laini unaohifadhi maji, kwa sababu alfajiri jua linapopiga majani udongo bado umeganda na mizizi haiwezi kunywa. Kule Venezuela kuna mimea ya Espeletia inayofanana nazo kwa umbo. Watafiti walipoivua majani yake makavu, mingi ilikufa. Mimi kama seremala senesio hainifai kitu, shina lake halishiki hata msumari. Lakini ukiitazama kwa kuheshimu kazi, hakuna fundi aliyeifikia.

Chini ya senesio, kwenye uwanda wa juu ulioinama kati ya milima ya Karisimbi, Mikeno na Visoke, karibu mita 3,000, kuna msitu wa hagenia. Huko ndiko Kabara, alikozikwa Carl Akeley, Mmarekani aliyemshawishi Mfalme Albert wa Ubelgiji kuianzisha hifadhi hii mwaka 1925, akafia hapo mwaka uliofuata. Hagenia ni mti mnene, mfupi kwa unene wake, matawi yake yamebeba magodoro ya ukoga wa kijani yanayonyonya ukungu na kudondosha maji hata siku isiyo na mvua. Watu wakisikia miti ya juu inakua polepole hudhani misitu ya milimani ni maskini. Mwaka 2021 jarida la Nature lilitoa utafiti uliopima misitu ya milima katika nchi 12 za Afrika, na watafiti wa Bukavu walikuwemo. Wastani uliopatikana ni tani 149.4 za kaboni kwa hekta moja, zaidi sana ya makadirio yaliyokuwa yakitumika kabla yake. Kukua polepole na kuwa mdogo ni mambo mawili tofauti. Mti ukiachwa, polepole inajumlishika. Ndiyo sababu gunia la makala, yaani makaa ya kupikia, lililotoka kwenye mti wa huko juu linaniuma kuliko lililotoka kwenye mkaratusi: la pili litarudi kabla mwanangu hajamaliza shule, la kwanza mjukuu wangu hataliona.

Wateja hupenda kuniuliza: fundi, mti huu ulikuwa na miaka mingapi? Wameona kwenye televisheni Mzungu akihesabu pete. Huko kwao inawezekana, kwa sababu majira ya baridi husimamisha kazi yote ya kambiamu mara moja kwa mwaka, na mstari mweusi unachorwa. Kwetu mstari unachorwa na ukame, ukichorwa. Tuna kiangazi kirefu kuanzia Juni hadi Agosti na kingine kifupi mwanzoni mwa mwaka. Mti wa Goma unaweza kuchora mistari miwili mwaka mmoja, mwingine usichore hata mmoja, na wa juu kwenye ukungu wa kudumu unachora mistari isiyo na kalenda. Ile mistari ya kisiki cha erika sikuweza kuigeuza kuwa miaka, na yeyote atakayekuambia aliigeuza kwa macho anakuuzia kitu.

Pete zinasema vizuri kweli kweli kwingine. Kwenye milima ya White Mountains huko California kuna misonobari mibishi ambayo mwaka 1957 Edmund Schulman alipata mmoja wenye zaidi ya miaka 4,600 wakati ule, na bado uko hai. Raha yake ni hii: misonobari iliyo chini kidogo inapanuka pete mwaka wa mvua, na iliyo juu kabisa, aina ileile, mlima uleule, inapanuka pete mwaka wa joto. Chini ukame ndio unaobana, juu baridi ndiyo inayobana. Mwaka 2009 Matthew Salzer na wenzake walionyesha kwamba kwenye miti ile ya juu kabisa, pete za nusu ya pili ya karne ya 20 ni pana kuliko za kipindi chochote cha miaka 50 ndani ya miaka 3,700. Dunia imepata joto, na mafundi wa juu wameongezewa saa za kazi.

Ukisoma hapo ukaacha, utadhani ni habari njema: milima itajaa miti. Nenda Kilimanjaro. Andreas Hemp, Mjerumani aliyeutembea mlima ule kwa miongo, alionyesha mwaka 2005 kwamba mpaka wa juu wa msitu haukupanda, umeshuka. Sababu ni moto. Hali ya hewa imekuwa kavu zaidi, moto unaoshika erika unapanda kwa nguvu na kuteketeza hekta nyingi, na erika ndiyo iliyokuwa ikikamata maji ya mawingu. Joto lilifungua mlango, ukame ukauchoma. Mlima huohuo, chini, kwenye bonde lenye kimo kinachokaribiana na cha Goma, ndiko Hemp na wenzake walikopima mkukusu wa mita 81.5, mti mrefu kuliko yote inayojulikana Afrika. Kwenye kimo chetu, kumbuka. Mvua, joto na udongo wa volkano vikikutana, na msumeno usipofika, hivyo ndivyo mti unavyofanya.

Kwa Virunga sitabashiri. Najua tu kwamba Karisimbi ina kilele, na juu ya kilele hakuna ardhi. Nyuzi moja ya joto ni kama mita 170 za kupanda. Hagenia ikisogea, senesio nazo itabidi zisogee, na zenyewe tayari ziko karibu na paa.

Kwa vile pete hazinisaidii, nimerudi kwenye kipimo cha fundi: utepe. Uani kwangu kuna mti wa grevilea, na yaya anayo ya umri huohuo kwake, miche niliyompelekea mwenyewe. Nimepiga alama ya rangi kwenye shina, kimo cha kifua, na kila mwanzo wa mwezi napima mzunguko, naye anapima wake na kunitumia namba kwa simu. Mwanzoni aliona ni wazimu. "Mdogo wangu, mti unaupima kama suruali?" Sasa akisahau mwanawe anamkumbusha.

Namba zimeanza kutoa picha. Grevilea yangu inanenepa vizuri wakati wa mvua, halafu Julai inasimama kabisa. Mwezi mmoja hata ilipungua milimita chache, nikapima upya nikidhani utepe umeteleza. Shina likikauka husinyaa, ni jambo la kawaida, na lava iliyo chini ya uwanja wangu haishiki maji. Ya yaya haikusimama Julai. Ukungu unainywesha. Inakwenda mwendo wake mdogo, karibu uleule mwezi hadi mwezi, na haifikii hata mara moja kasi ya yangu ya Novemba. Mimi nabanwa na maji, yeye anabanwa na joto. Nilipomweleza hivyo alinyamaza, kisha akauliza swali la mtu mwenye shamba: kama ni joto, basi apande wapi?

Nikamwambia mikaratusi inayofuata asiiweke bondeni chini ya nyumba, ambako watu wote hupanda kwa sababu udongo ni mzuri. Hewa baridi ni nzito, usiku inateremka na kulala pale pale. Aiweke kwenye mteremko unaotazama mashariki, unaopata jua la asubuhi kabla ukungu haujarudi mchana, na bondeni aache majani ya ng'ombe. Shemeji amekubali nusu: mteremko ndiyo, ila kwanza anataka kuvuna viazi vilivyomo.